Nyavu Tatu na Kipande cha Ini

Shelui, mwanamke huchemsha na mwanamume huchoma. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hii, na ndiyo maana hakuna aliyewahi kuifuta. Ukiwa unaelekea Nzega, upande wa kushoto wa barabara wamekaa akina mama na masufuria yao: wali, maharage, supu, chai ya maziwa, chapati. Upande wa kulia wamesimama wanaume na moshi wao. Dereva wa lori anayetaka chapati kwa mbavu za mbuzi huvuka lami mara mbili ili apate mlo mmoja. Wawili wameshagongwa na bodaboda katika safari hiyo, na hata mmoja hakuilaumu sheria. Wote wawili walilaumu bodaboda.

Raheli amekaa upande wa kushoto miaka ishirini na miwili. Mji mzima unamwita Mama Peniel, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye ameoa na kuhamia Iguguno na sasa anakula chapati za mwanamke mwingine. Ni mfupi, anavaa miwani iliyofungwa uzi mweusi upande mmoja, na kwenye kwaya anaimba sauti ya pili, ile ambayo hakuna anayeisikia mpaka siku isipokuwepo. Madereva wanaotoka Singida humpigia simu kabla ya kuanza kuteremka mlima Sekenke. "Mama Peniel, niwekee nne." Breki zenyewe wanazikumbuka baadaye.

Mtu angedhani mwanamke wa namna hii ameridhika. Alikuwa ameridhika na chapati. Kilichomkera ni kuangalia upande wa pili.

Alikuwa mtoto wa tano na wa kwanza wa kike, na mpaka alipofika darasa la sita alichunga mbuzi pamoja na kaka zake. Kaka zake wakinasa kware, wao walichoma, naye aliambiwa akachote maji. Alichota. Lakini kila aliporudi na kibuyu kichwani alikuwa akiona kware anavyounguzwa, na picha hiyo haikumtoka. Kisha maisha yakamweka miaka ishirini na miwili mbele ya wanaume kumi na wanne wanaofanya kosa lilelile kwa mbuzi wazima.

"Wanageuza sana," alikuwa akimwambia mumewe, Festo. "Nyama haihitaji kusumbuliwa. Wewe ukiamshwa kila dakika utanenepa?"

Festo ni mkulima wa alizeti na mzee wa kanisa, na kwa nyadhifa hizo mbili amejifunza kusubiri. "Kula ulale, Mama Peniel," alikuwa akijibu.

Basi Laurian akahamia Nzega.

Laurian alikuwa mmoja wa wachomaji wa mnada. Mnada wetu ni wa kila mwezi: ng'ombe, mbuzi, vitenge, majembe, dawa za minyoo, na mwishoni mwa uwanja safu ya wachomaji ambao ndio sababu ya watu wengi kuja kuangalia ng'ombe bila nia ya kuwanunua. Nafasi katika safu hiyo haiombwi kwenye ofisi yoyote. Inaombwa kwa Mzee Alphonce, mchomaji mkongwe kuliko wote, mtu mrefu mwenye koti la suti la kahawia ambalo limefukizwa moshi mpaka nzi wanalizunguka kwa heshima.

Raheli alimfuata Jumatatu asubuhi, akiwa amevaa kitenge cha kanisani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Peniel. Umeniletea chapati?"

"Nimekuletea ombi."

"Ombi haliliwi."

"Nimesikia Laurian amehama. Ile nafasi yake naitaka."

"Ya kuuzia chai?"

"Ya kuchomea."

Mzee Alphonce alitoa kopo lake la ugoro mfukoni, akalitazama, akalirudisha bila kulifungua. Kwa wanaomfahamu, hiyo ni dalili ya mshtuko.

"Mama Peniel, pale kuna moshi."

"Na kwangu kuna nini, mzee? Manukato?"

"Kuna joto."

"Mzee."

"Haya. Mchomaji anakuja na jiko lake. Unalo?"

Raheli, mwanakwaya, alisema analo. Hakuwa nalo.

"Na ini unalijua?"

Ini alilijua. Kila mtu analijua. Mchomaji mpya akija mnadani, kabla mnada haujachangamka, Mzee Alphonce hukata kipande cha ini la mbuzi, chembamba kama ulimi wa kiatu, bila chumvi, bila tone la mafuta, akakilaza juu ya wavu wa mgeni. Kisha anavuta ugoro. Akipiga chafya, mgeni anageuza ini, mara moja tu. Likigeuka zima, nafasi ni yake. Likichanika, au likaacha ngozi kwenye wavu, mgeni anafunga mizigo, na haombi tena maisha yake yote. Ukali huo una mantiki yake. Ini ni nyama yenye kinyongo, hung'ang'ania chuma chochote kisichotunzwa, na mtu asiyetunza chuma chake, husema Mzee Alphonce, atakulisha kutu na kukuambia ni pilipili manga.

"Mnada ujao," alisema. "Wiki tatu. Usipokuja nampa mtoto wa dada yangu. Yeye jiko analo kweli."

Kwa hiyo mambo yalikuwa wazi. Raheli alikuwa na wiki tatu, nafasi moja, na uongo mmoja wa kuutafutia jiko.

Jiko lilipatikana Sekenke. Kulikuwa na kambi ya watu waliokuja kutafuta dhahabu kwa mashine. Walitoboa ardhi kwa miaka miwili, wakapata mashimo, wakaondoka. Mlinzi aliachiwa kibali cha kuuza vilivyobaki: viti vya plastiki, magodoro, bendera ya nchi ambayo hakuna aliyeitambua, na jiko la kuchomea la kizungu, lenye miguu minne, magurudumu mawili na kifuniko kikubwa kama cha jeneza la mtu mfupi. Juu ya kifuniko palikuwa na saa ya kupima joto ambayo mshale wake ulikuwa umesimama kwenye moto mkali, jambo lililomfariji Raheli, kwa kuwa jiko lenyewe lilikuwa limenyeshewa masika mawili.

Bati la jiko lilikuwa zima. Ndani, nyavu zake tatu, zile za kulazia nyama, zilikuwa na rangi ya kichuguu. Ukizigusa, vidole vinatoka kama umekula embe. Raheli alizinyanyua moja moja, akashangazwa na uzito, akalipa. Dereva wa lori la saruji, mtu wa chapati nne, alilipakia bure na kuliteremsha Shelui mbele ya watu wengi kuliko alivyopenda mwenye mali.

Wa kwanza kuja kutoa pole alikuwa Obadia, fundi wa kuchomelea, ambaye karakana yake iko ukuta kwa ukuta na banda la Raheli.

"Mama, hizi si nyavu," alisema. "Hizi ni kumbukumbu za nyavu."

"Niambie kitu cha kifundi, Obadia. Utani ninao nyumbani."

Obadia aligonga wavu mmoja kwa spana. Ukalia kama kengele iliyoziba pua.

"Hii ni chuma cha kumimina, kama cherehani ya zamani. Nene, nzito. Haipindi, lakini ukiiangusha inakatika, na ikikatika usiniletee, kwa sababu haishiki kuchomelewa. Kwa nini unajitesa? Nikukatie nondo, nusu siku nakupa nyavu mpya. Au hizi nizipige silva. Zitang'aa, Mama Peniel, utazionea haya."

"Na rangi ya silva ikipata moto?"

"Itanuka kidogo."

"Na ini?"

"Ini nalo litang'aa."

"Nijibu moja. Chini ya kutu kuna chuma au hakuna?"

Obadia alikwaruza kwa ncha ya spana mpaka palipotokea alama ndogo ya kijivu. Akaitazama kwa huzuni ya fundi anayeona kazi ikimponyoka.

"Kipo. Hicho kizee kimelala tu."

"Basi nakwenda kukiamsha."

Alianza kwa moto. Aliwasha kuni za mgunga nyuma ya nyumba, akazilaza nyavu katikati ya makaa, akaziacha mpaka mafuta ya Wazungu wa miaka ile yakaungua na kuwa unga mweupe. Zilipopoa, alikaa kwenye kigoda na brashi ya waya, fito moja baada ya nyingine, juu, chini, ubavuni, na pembeni kule ambako brashi haifiki akatumia msumari uliopondwa bapa. Siku ya kwanza alimaliza wavu mmoja. Siku ya pili aliimba mapambio yote anayoyajua, sauti ya pili tu, kiasi kwamba majirani walisikia nusu ya kila wimbo na kubaki na hamu.

Kutu iliyobaki kwenye vishimo vya chuma aliipeleka kwa ukwaju. Mama yake alikuwa akisafishia majembe hivyo: unaloweka ukwaju, unaukamua, unazamisha chuma usiku mmoja, asubuhi kutu imelegea kama deni la mtu aliyehama. Alijaza beseni kubwa, akazamisha nyavu, akalifunika kwa kanga.

Festo alirudi kutoka shambani kabla ya saa sita, jua likiwa limemkausha, akaona kanga, akafunua, akaona maji ya ukwaju. Mtu wa kanisa haulizi mara mbili anapoonyeshwa baraka. Alichota kikombe akanywa chote.

"Mama Peniel," alisema baada ya kutafakari, "ukwaju wa leo una ladha ya msumari."

"Umekunywa maji ya nyavu!"

"Nimeshakunywa."

"Unajisikiaje?"

"Imara," alisema Festo, akaenda kulala. Kwa wiki nzima aliulizwa barabarani kama ameanza kutoboa viatu.

Nyavu zilitoka kwenye beseni zikiwa za kijivu safi, rangi ya mvua inayokuja. Raheli alizisuuza, akaziegemeza ukutani juani zikauke. Wakati huo akapita jirani, mama mmoja anayeheshimika, na ikabidi wasalimiane. Kusalimiana kwetu si neno moja. Unaanza na nyumbani, unaingia kwa watoto kwa majina, unapita kwa wakwe, mbuzi, kuku, shamba la chini, shamba la juu, mgonjwa wa mwezi uliopita, na unarudi nyumbani kuhakikisha hapajabadilika kitu tangu ulipoanza. Walipoagana, Raheli aligeuka. Nyavu zilikuwa na rangi ya chungwa.

Alirudia ukwaju. Mara ya pili alizikausha juu ya makaa hapohapo, na wapita njia wote aliwaitikia kwa kupunga mkono, jambo lililosababisha maneno.

Sasa chuma kilikuwa uchi, na chuma kilicho uchi kinahitaji mafuta. Hili kila mtu alilijua, na hapo ndipo Singida, mkoa wetu wa alizeti, ilipomponza.

Mwingine angekuwa na mafuta kidogo, na umaskini ungemwokoa. Raheli alikuwa na Leonidas. Leonidas ana mashine ya kukamua alizeti nyuma ya soko, na ukimsikiliza utaamini kwamba Mungu aliumba alizeti siku ya kwanza, kabla ya nuru, ili nuru ikitokea iwe na mtu wa kuipokea. Mafuta yake anaweza kukushauri uyanywe, uyapake, uyatie kwenye bawaba, uyaweke sikioni.

"Chuma hicho kina kiu," alimwambia Raheli, akimjazia dumu la lita tatu. "Miaka mingapi hakijaonja? Usiwe bahili, Mama Peniel. Wewe ni mtu wa Singida. Watu wa mikoa mingine ndio wanaopima mafuta kwa kijiko."

Raheli hakuwa bahili. Alimimina. Alizigeuza akamimina tena. Mafuta yalitiririka, yakajaa kwenye makutano ya fito, yakaning'inia chini kama machozi ya furaha. Kisha akaziweka juu ya moto wa polepole, na baadaye juani siku mbili, chuma kinywe.

Chuma hakikunywa. Mafuta yaliganda juu yake yakawa kitu cha manjano, kinene, kinachovuta, kati ya asali na lami. Uligusa, ukabaki. Zilikuwa zimebaki siku sita.

Asubuhi ya siku hiyo tetea mmoja, kuku wa kienyeji mwenye miguu mirefu na maisha mafupi kama wenzake wote wa mkoa huu, alipanda juu ya nyavu kuangalia kuna nini. Alinyanyua mguu wa kushoto, haukuja. Akajaribu wa kulia. Alipiga kelele ambazo zilimtoa Obadia karakanani na miwani yake ya kuchomelea usoni.

"Mama Peniel! Mbona hukusema unatengeneza mtego?"

Festo alikuwa anakunywa chai. Alimtazama kuku, akazitazama nyavu.

"Jiko zuri," alisema. "Kuku wanajileta wenyewe."

Raheli alimnasua tetea kwa maji ya moto na maneno ya upole. Yalibaki manyoya matatu na ukucha. Hakucheka, ndipo wanaume wale wawili walipogundua kwamba huenda nao hawapaswi.

"Silva ipo," alisema Obadia, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia jeneza.

"Sikatai kushindwa na ini," alisema Raheli. "Ini lina sifa zake. Lakini kushindwa hata kabla ya kufika mnadani, na gundi! Mpwa wa Alphonce atachoma pale, na mimi nitamwangalia miaka mingine ishirini akigeuza, akigeuza."

Alikwenda bandani kwake akafunga kazi mapema. Kufunga kwake kuna utaratibu ambao haujabadilika tangu alipoolewa. Kikaango cha chapati, cheusi, kizito, alichoachiwa na mama mkwe wake, hakioshwi kwa sabuni. Sabuni ikikikaribia Raheli hutoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa. Kikaango hupanguswa kikiwa cha moto, huwekwa matone machache ya mafuta, hupakwa kwa kitambaa, kisha hufutwa kwa kitambaa kingine kikavu, kwa nguvu, mpaka kionekane hakijawahi kupakwa. Ndipo hurudishwa juu ya makaa yanayokufa. Alipokuwa bi harusi, mama mkwe alisimama nyuma yake siku kumi akisema neno moja: "Futa." Akifuta, anaambiwa, "Futa tena. Kikaango kikikumeremetea, kinakudharau."

Jioni hiyo Raheli alipaka, akafuta. Akasimama na kitambaa mkononi.

Akakitazama kikaango. Akatazama nyuma ya nyumba.

"Mimi ni mjinga," alisema, kwa furaha ambayo watu hawaitumii kwa sentensi hiyo.

Miaka ishirini na miwili mkono wake ulijua, na hakuna aliyekuwa ameuuliza. Alikuwa ameuliza fundi, mwenye mashine, na kwa dakika chache hata kuku.

Asubuhi alizirudisha nyavu kwenye moto wa mgunga. Gundi iliwaka kwa moshi mweusi uliofanya watu wa stendi kufikiri lori limeshika moto. Akasugua upya. Kisha, nyavu zikiwa za moto kiasi cha kuogopwa, alitia mafuta kwenye kifuniko cha chupa ya soda, kifuniko kimoja kwa nyavu zote tatu, akapaka, akafuta. Akafuta tena mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Akazilaza juu ya makaa mpaka moshi mwembamba ukapanda na kwisha wenyewe. Akaziacha zipoe. Akarudia.

Mara ya kwanza zilitoka kahawia. Mara ya pili, rangi ya kahawa iliyokaangwa. Alirudia siku nne, mara mbili kwa siku, na kila mara kifuniko kimoja tu. Kufikia jioni ya kuamkia mnada zilikuwa nyeusi kama tairi jipya, kavu kwa mguso, laini kama jiwe la mtoni. Kuku yuleyule alipita, akazitazama kwa mbali, akaendelea na safari zake.

Leonidas alipoambiwa kwamba kazi yote imechukua vifuniko vinane vya soda, alihesabu kwa vidole.

"Na zile lita?"

"Zilikuwa somo," alisema Raheli.

Siku ya mnada Festo ndiye aliyelisukuma jiko, akiwa na koti la ibada. Kwa wiki tatu hakuwa amesema lolote kuhusu mke wake kusimama katikati ya wanaume wanaochoma, si kwa Kiswahili wala kwa Kinyiramba, na wenzake wa kanisani walikuwa wakisubiri aseme. Lile jiko lilikuwa na magurudumu mawili na uwanja ulikuwa na mawe mengi, kwa hiyo alipofika kwenye safu ya wachomaji alikuwa ametoka jasho kiasi kwamba kila mtu alielewa upande aliokuwepo.

Wanaume kumi na tatu waliacha kupepea mikaa yao.

"Hilo ni jiko au ni gari?" aliuliza mmoja.

"Kifuniko cha nini? Mbuzi atatoroka?"

"Mama Peniel, chapati ziko upande gani?"

"Ziko upande wa mdomo wako," alisema Raheli, "zikishaliwa utanyamaza."

Alipanga mkaa, akauacha uwake mpaka ukavaa majivu. Akalaza nyavu tatu mahali pake, akasimama kando na mikono nyuma. Mzee Alphonce alikuja na kisahani cha bati. Kwanza alizitazama nyavu kwa muda mrefu. Alipitisha ukucha kwenye ufito mmoja wa pembeni, uliokuwa bado haujapata moto, akautazama ukucha. Ulikuwa safi.

Alikilaza kipande cha ini katikati. Kilitoa sauti kali, fupi, kama mtu aliyeambiwa jambo asilolitegemea. Mzee Alphonce akafungua kopo, akachukua ugoro kwa vidole viwili, akauvuta pua moja, kisha nyingine. Watu wakasogea. Akainua uso juu, akafumba macho, akasubiri.

Chafya haikuja.

Kawaida inachukua muda wa kuhesabu thelathini. Watu walihesabu thelathini, kisha arobaini. Mzee Alphonce alikunja uso, akaufungua, akafungua mdomo nusu. Kila mtu akajiandaa. Akaufunga. Baadaye ilisemekana ugoro ulikuwa mpya, wa kutoka Manyoni, na pua yake haikuwa imeuzoea.

Ini lilianza kujikunja pembeni. Moshi ukabadilika rangi. Raheli alisimama na koleo mkononi, na ilikuwa wazi kwa kila mtu pale hali yake ilivyokuwa: akigeuza kabla ya chafya amevunja utaratibu, akisubiri chafya anageuza kaa la mawe. Mpwa wa Mzee Alphonce, aliyekuwa amesimama nyuma na jiko lake tayari begani, alianza kutabasamu.

Lakini Raheli hakuwa akimtazama mpwa, wala pua ya mzee. Alikuwa ameinamisha kichwa, sikio moja kuelekea jikoni, kama anavyofanya kwenye kwaya akisubiri zamu ya sauti ya pili. Chapati ikiiva upande wa chini hujiachia yenyewe, inateleza kidogo kwenye kikaango, na mlio wake unashuka. Kabla ya hapo ukiivuta inachanika, baada ya hapo inaungua. Mlio wa ini ulishuka.

Alinyoosha koleo, akaligusa pembeni, likateleza. Akaligeuza.

Likageuka zima. Upande wa juu ulikuwa na mistari minne myeusi, iliyonyooka kama ya daftari, na pale lilipokuwa limelala wavu ulikuwa mweusi, mtupu, hauna hata alama.

"Nimesema ugeuze?" aliuliza Mzee Alphonce, macho yakiwa bado yamefumbwa. Harufu ilikuwa imemwambia.

"Hapana, mzee."

"Sijapiga chafya."

"Shikamoo, mzee. Ini halivuti ugoro."

Ng'ombe mmoja alisema alichokuwa akitaka kusema. Mzee Alphonce alifumbua macho, akainama juu ya jiko kuangalia, akanyanyua wavu kwa ncha ya kisu, akachungulia na chini yake. Alikitoa kipande cha ini kwa vidole, vidole vya mtu ambaye moto na yeye wameshazoeana, akakata nusu, akatafuna. Watu walisubiri amalize. Alitafuna kama mtu anayesoma mkataba.

Kisha akapiga chafya, mara tatu, za kishindo, mpaka vumbi likaruka kwenye koti lake.

"Basi," alisema akifuta macho. "Nimeshapiga. Na ini limegeuka. Nani anabisha?"

Mpwa alikuwa na jambo la kusema, lakini mjomba wake alikuwa amempa nusu iliyobaki aonje, na mdomo ulikuwa na kazi.

"Nafasi ya Laurian ni ya Mama Peniel," alisema Mzee Alphonce. "Moshi utakupata, upepo ni wa huko." Akaondoka hatua mbili, akarudi, akashusha sauti. "Umepaka nini?"

"Alizeti."

"Nyingi?"

"Unapaka kama kawaida. Halafu unafuta kama uliyepaka kwa makosa."

Mzee alitikisa kichwa, akaenda kuzitazama nyavu zake mwenyewe, na alisimama mbele yake muda mrefu kuliko walivyotarajia wateja wake.

Kufikia saa saba Leonidas alikuwa ameshapita safu nzima akieleza kwamba ni mafuta yake, jambo ambalo ni kweli kwa kiasi cha vifuniko vinane. Obadia alikuwa akisema tangu mwanzo alijua kuna chuma pale chini. Festo alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akikata kachumbari, kazi ambayo hakuna mzee wa kanisa aliyewahi kuonekana akiifanya hadharani, na akiikata vizuri.

Mteja wa kwanza wa kweli alikuwa dereva wa lori la saruji. Aliagiza kilo moja ya mbavu, akasubiri huku akishangaa kwamba hakuna anayezigeuza, akazipokea zina mistari, akaonja, akafumba macho. Kisha akafumbua, akatazama kushoto, akatazama kulia, uso ukaingia wasiwasi wa mtu aliyezoea kuvuka barabara.

"Mama Peniel, na chapati je?"

Raheli aliinama chini ya jiko la kizungu. Kikaango cha mama mkwe kilikuwa pale, kimefungwa kwenye kanga, pamoja na unga uliokandwa tangu alfajiri. Alikilaza juu ya wavu wa tatu.

"Ngapi?" alisema. "Nne?"